Ndoo Juu ya Nguzo

Mtu wa kwanza kuingia kwangu Malangali akamsalimu ng'ombe kabla yangu alikuwa Bwana Mifugo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, unga mikononi, nimeshajiandaa kumkaribisha, naye akanipita kwa adabu zote kama vile ninalinda mlango wa mtu mwingine, akaenda moja kwa moja hadi zizini. Akampapasa ng'ombe wangu mgongoni, akamwinamia sikioni, akamuuliza kama amelala salama. Ndipo akageuka kunitazama. "Marahaba," akasema, na mimi hata shikamoo sijaitoa. Nikamwambia kwamba sijazoea kuwa wa pili nyumbani kwangu. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kutaniana.

Jina lake nilikuja kulijua baadaye sana, na hata nilipolijua sikupata pa kulitumia. Kwa kila mtu alikuwa Bwana Mifugo. Mkewe alikuwa fundi cherehani na aliogopa hata mbuzi, lakini ilibidi aitwe Mama Mifugo, cheo ambacho hakukiomba na ambacho alikipokea kwa kusonya. Maafisa mifugo wengine walikuwepo, walikuja na kuhamishwa, wakachanja kuku, wakapima nyama, wakaenda zao. Huyu alibaki, na alikuwa na jambo lake moja tu kichwani, uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mbegu ya dume bora iliyohifadhiwa kwenye baridi kali, bila dume mwenyewe kuonekana hata kwato. Sisi tuliita "sindano". Alijitahidi kutueleza kwamba hakuna sindano yoyote pale, kuna mrija mwembamba tu wenye mbegu, na chuma kirefu cha kuifikishia mahali pake. Tukamsikiliza, tukakubali, tukaendelea kuita sindano. Mwisho akachoka, akawa yeye mwenyewe anabisha hodi kwa kusema, "Nimekuja kupiga sindano."

Ungemtambua kwa mashati yake. Kazi ile, kwa wasioijua, mkono wa kushoto unaingia ndani ya ng'ombe kwa nyuma mpaka karibu na bega, unatafuta kizazi kwa kupapasa, na mkono wa kulia unapitisha ule mrija kwa chini. Glavu ndefu huwa ipo, lakini glavu huteleza, na Mama Mifugo alishachoka kufua. Siku moja akachukua mkasi akakata mikono ya kushoto ya mashati yote ya kazi. Bwana Mifugo akawa anatembea Sumbawanga nzima, na baridi yetu ile ya mwezi wa saba, mkono mmoja umevaa na mwingine uchi. Jumapili kanisani alivaa koti hata jua likiwaka, na tuliokuwa tunajua tulijua kwa nini. Mkono wa kushoto, alikuwa akisema, ndio unaomlisha, na wa kulia ameuacha kwa ajili ya kusalimia watu. Wazee wengine hata hivyo walipendelea kumpungia kwa mbali.

Semina zake zilifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kata, sisi tumekaa kwenye mabenchi na magogo, yeye amesimama na mtungi wake wa kuhifadhia mbegu. Huo mtungi ndio uliomjazia watu. Alipofunua kifuniko, ukungu mweupe ulimwagika ukateremka ubavuni mpaka miguuni pake, na kina mama wa mbele wakainua miguu. "Si moshi," alisema. "Ni baridi. Baridi kupita zote mnazozijua." Mzee mmoja akasimama akauliza kwa heshima kabisa: sisi watu wa Ufipa baridi tunayo ya bure tangu enzi za mababu, sasa kwa nini Serikali inahangaika kutuletea nyingine kwenye chupa? Bwana Mifugo alikaa chini kwenye mtungi wenyewe akacheka, na semina ikavunjika kwa muda.

Maswali yetu, naona sasa, yalikuwa ya kumtoa mtu machozi. Tulimuuliza kama ng'ombe hatajiona mpweke. Tulimuuliza kama ndama atakayezaliwa atakuwa na baridi mwilini. Mzee mmoja wa njia ya Matai alikataa katakata ng'ombe wake kupewa mimba na mtu asiyemfahamu, ndivyo alivyosema, mtu, na akataka kwanza amwone huyo baba. Mwingine angemkatia tamaa. Bwana Mifugo alirudi baada ya siku chache na picha ya rangi ya dume jeusi lenye mabaka meupe, shingo nene, macho ya dharau. Mzee akaridhika. Akaitundika picha sebuleni, kati ya picha ya harusi yake na ile ya Moyo Mtakatifu, na mgeni akiuliza huyu nani, mzee anajibu bila kucheka, "Mkwe wetu." Ndama alipozaliwa na mabaka yake, mzee akampigia simu Bwana Mifugo alfajiri kumwambia kwamba mtoto amechukua masikio ya baba.

Lakini swali lililomkera kuliko yote lilikuwa moja, na tulimuuliza sote, mimi nikiwa mmojawapo. Alikuwa hajamaliza hata kuvua glavu, mwenye ng'ombe anasogea, anashusha sauti: "Imeshika?"

Hapo Bwana Mifugo aliyekuwa mpole siku nzima alikuwa hana huruma. Kama ni mwanamke, anamwambia mbele za watu, "Mama, mimba yako ya kwanza wewe ulijua dakika ileile?" Kama ni mwanaume, anamuuliza kama mkewe alimwambia dakika ileile. Kisha anatoa amri zake: mpeni maji, mpeni kivuli, fungeni lango, na muondoke hapa nyuma yake. "Mkisimama kumkodolea macho atadhani amefanya kosa. Kaeni wiki tatu. Akipita wiki tatu bila kurudi joto, bila kutaka dume tena, hapo njooni mnitafute." Nami nilipomuuliza alinijibu vivyo hivyo, mbele ya majirani, nikaingia ndani nimenuna. Nikamwekea kisasi moyoni, kisasi cha utani, nikisubiri siku yake.

Ndoo ndiyo iliyomfanya apendwe. Kwenye nyumba nyingi huku kwetu ng'ombe wa maziwa yumo mikononi mwa mwanamke wa nyumba, na mara nyingi ni mkwe aliyeolewa juzi. Yeye ndiye anayekata majani, yeye anakamua, na yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba leo ng'ombe hayuko sawa, hataki kula, analia bila kiu, anapanda wenzake, na akipandwa anatulia. Hilo ndilo joto, na halikai. Ukiliona asubuhi, jioni awe ameshapigwa sindano, la sivyo umekosa. Sasa mkwe atamwambia nani? Baba mkwe amekaa kibarazani anaota jua. Kumwambia baba mkwe kwamba ng'ombe anataka dume ni neno ambalo mdomo hauwezi. Kupiga simu mbele yake kumweleza Bwana Mifugo, mwanaume wa watu, ni vibaya zaidi. Basi ng'ombe analia mchana kutwa, baba mkwe anajifanya anasikiliza redio, mkwe anajifanya anachambua maharage, na mume anarudi jioni amechoka. Kesho yake joto limekwisha, ng'ombe anakula majani kwa utulivu, na kila mtu anashangaa kwa nini sindano haifanyi kazi Ufipa.

Bwana Mifugo aliligundua hili huko kijijini Kate, kwenye nyumba moja ambayo kila alipoitwa alikuta amechelewa. Hakugomba. Alikula ugali wa ulezi aliopewa, akanawa, akamuuliza yule mkwe swali moja tu: ndoo ya kukamulia huwa unaanika wapi? Akamwonyesha nguzo ya lango. Semina iliyofuata akatutangazia. Ukiona dalili, usiseme neno. Chukua ndoo, ifunike juu ya nguzo ya lango, uendelee na kazi zako. Yeye akipita na pikipiki ataiona. Na pale asipopita yeye, yeyote atakayeiona, awe bodaboda, awe mwalimu, awe mtu anayekwenda zake gulioni, ampigie simu. "Ndoo ikiwa juu," alisema, na siku hiyo hakutania, "hakuna kumuuliza mwenye nyumba neno lolote. Piga simu, uende zako."

Fujo ya mwanzo sitaisahau. Watu waliendelea kuanika ndoo kwenye nguzo kama zamani, na Bwana Mifugo akawa anaingia kwenye nyumba na glavu imeshavaliwa, anakuta ng'ombe amelala anacheua na mama mwenye nyumba anamshangaa. Vijana wa kijiweni wakapandisha ndoo juu ya nguzo ya mwalimu mmoja kapera asiye na hata kuku. Lakini baada ya msimu mmoja watu walizoea. Ndoo za kukauka zilihamia kwenye vichanja vya jikoni, na nguzo ikabaki na kazi moja. Wakwe walipumua. Baba wakwe nao, nadhani, walipumua zaidi.

Huyo mtu aliyetuhimiza maziwa miaka yote hiyo, maziwa kwa watoto, maziwa kwa wazee, mwenyewe alikuwa hanywi maziwa. Yalimvuruga tumbo. Ukimkaribisha chai ilibidi iwe ya rangi, na alikuwa anainywa huku ameupa mgongo uwanja, asionekane. Alitembea pia na chupa ndogo ya chai ambayo ndani yake hamkuwa na chai bali maji ya uvuguvugu ya kuyeyushia mbegu. Nyumba nyingi zilinuna zikidhani amekuja na chai yake kwa kuwadharau. Kwa mama mmoja waliimimina chupa ile kwenye vikombe kabla hajawahi kusema, na alipoona wameshakunywa akaamua kunyamaza.

Na sasa niseme la Rozi, maana wote mliomfahamu mnalingojea hilo.

Rozi alikuwa ng'ombe wake mwenyewe, wa kienyeji, mwekundu, nundu yake nzuri, pembe moja imeinama. Siku za mwanzo kabisa za semina, jirani yake alisimama kuuliza. Jirani huyu alikuwa na dume lililoitwa Mbabe, na alikuwa hafurahii mambo ya mitungi, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unamtegemea Mbabe. Akauliza, "Bwana Mifugo, wewe kwako una ng'ombe?"

"Ninaye."

"Amewahi kuzaa kwa hiyo sindano?"

Bwana Mifugo akajifuta uso kwa ule mkono wenye shati. "Bado," akasema. "Lakini njooni kwangu mwakani. Mtamwona ndama wa mkono wangu mwenyewe."

Alijifunga pale. Angeweza kusema Mungu akipenda, angeweza kusema tutaona, lakini hapana. Na kuanzia siku hiyo jambo moja alilolitaka duniani, zaidi ya cheo na zaidi ya uhamisho wa kwenda mji mkubwa, lilikuwa ndama huyo. Alitaka ndama asimame zizini kwake, sio kwa mtu mwingine, aliyetoka kwenye mkono wake wa kushoto.

Tatizo lilikuwa kwamba joto halimsubiri mtu, na yeye hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Aliondoka gizagiza na kurudi gizagiza. Alitazama nguzo za watu wote njiani, ya kwake akiwa ameipa mgongo. Rozi akianza kulia, Mama Mifugo anapiga simu, na mumewe anajibu, "Nipo njiani," naye yupo bado Kate na glavu mkononi. Mama Mifugo akawa anapandisha ndoo juu ya nguzo yao bila kutarajia msaada, kwa kumkomoa tu, ili akirudi usiku taa ya pikipiki imwonyeshe. Mbabe hakuhitaji taa. Aliruka uzio. Mwaka ulipofika, watu tulikwenda kama tulivyoalikwa, tukamkuta ndama mwekundu mwenye nundu na alama nyeupe kipajini, ileile ya Mbabe. Jirani alifika na mtungi wa pombe ya ulezi kichwani mwa mkewe. "Nimekuja kumwona mjukuu," akasema. Bwana Mifugo aliipokea pombe, na akatupa kila mtu kiti.

Mwaka mwingine akajipanga. Akaweka mbegu moja nzuri pembeni kwa ajili ya Rozi kwenye mtungi, hakuna kuigusa. Gesi ya baridi, pamoja na mbegu mpya, huja kwa basi kutoka Mbeya, na kipindi kile ilichelewa, mbegu zikaisha, ukabaki mrija huo mmoja. Asubuhi moja Rozi akaanza kulia naye yupo nyumbani, jambo la ajabu. Akasema atatoka kidogo tu kwenda kununua sabuni, atarudi jioni ikifika. Njiani akapita kwangu. Ndoo yangu ilikuwa juu ya nguzo.

Mimi nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, na ng'ombe yule ndiye aliyekuwa ameniachia marehemu. Jioni Bwana Mifugo alikuja, akamaliza kazi, akanywa chai ya rangi, akanijibu lile jibu lake la kunitia aibu mbele ya majirani, akaenda. Kwa Rozi hapakubaki kitu, na Mbabe akaruka uzio. Kwangu alizaliwa mtamba, yaani ndama jike, mwenye mabaka, na maziwa ya huyo mtamba ndiyo yaliyomsomesha mwanangu Skola. Habari ya mrija ule nilikuja kuambiwa na Mama Mifugo miaka mingi baadaye, akiwa ananipima gauni, pini mdomoni, kana kwamba anasema kitu cha kawaida. Nililia palepale kwenye kioo chake. Alinitazama akaniambia nisimlowanishie kitambaa.

Ndama wa Rozi wa mwaka ule alikuwa dume. Bwana Mifugo kwa hasira alimvuta kwa kamba mpaka ng'ambo ya uzio, akamwambia jirani, "Chukua mwanao." Jirani akachukua. Mbabe wa zamani alipokufa, yule ndama akawa ndiye Mbabe, na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo, kwa maana sasa aliyekuwa anaruka uzio kumfuata Rozi alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mtu aliyetufundisha miaka yote kwamba dume asipande mama yake akawa analala na sikio moja wazi. Tulicheka sana. Niliona pia, siku nyingine nikipita, jinsi alivyokuwa anaimarisha uzio ule peke yake, anapiga misumari, na hapo sikucheka.

Kisha akastaafu. Miaka yote ile ya kuingiza mkono kwenye ng'ombe wanaosukuma na kujigeuza ilikuwa imemla bega la kushoto, likawa halinyanyuki juu ya kifua. Mama Mifugo akatoa mfuko kabatini. Alikuwa amehifadhi mikono yote ya mashati aliyoikata. Akairudishia mmoja mmoja, na kwa kuwa mashati yalikuwa yamepauka na mikono ilikuwa imekaa gizani miaka yote, Bwana Mifugo akawa anatembea na mkono mmoja mpya na shati lililozeeka. Kwenye nafasi yake alikuja binti, afisa mifugo mwenye pikipiki yake na simu kubwa, mchapakazi kweli. Aliwaambia watu wamtumie ujumbe na picha. Wakwe wa siku hizi hawana aibu na simu. Ndoo zikarudi kuanikwa popote.

Sasa, asubuhi moja nilikuwa ninapeleka maziwa sokoni. Nilipofika kwa kina Bwana Mifugo nikaona ndoo, imefunikwa juu ya nguzo, sawasawa katikati. Bwana Mifugo alikuwa amekaa kigodani ndani ya lango, anajifanya anachonga mpini wa jembe kwa mkono mmoja. Nikamwamkia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakujibu. Nyuma yake Rozi alikuwa analia, Rozi bibi sasa, mbavu zinahesabika, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kata angejua kwamba kwa umri ule joto hilo huenda ndilo la mwisho.

Nilizunguka jikoni kwa Mama Mifugo. Akanikamata mkono.

"Tangu alfajiri anazunguka zunguka," akaninong'oneza. "Nimemwambia mpigie yule binti. Anasema, nimwambie nini, kwamba bega limekufa? Nimwambie mimi, miaka yote hii, kwamba ng'ombe wangu mwenyewe amenishinda? Halafu akachukua ndoo yangu. Hata kukamua sijamaliza."

Nilimwelewa mumewe. Ilikuwa aibu ileile ya wale wakwe, na alikuwa ameifanyia dawa ileile. Nikatoka. Nilipita mbele yake bila kumuuliza neno, nikavuka lango, nikasimama barabarani chini ya ile ndoo na kupiga simu. Binti akasema atafika alasiri. Kisha nikapita kwa jirani. Sikuwa nimemaliza sentensi, mzee yule akachukua fimbo na kamba, akamfungua Mbabe, akaondoka naye kuelekea bondeni, mbali kabisa, na akashinda huko mpaka jioni. Sikumtarajia hilo, naye hakutaka shukrani.

Alasiri binti alifika. "Shikamoo, mzee. Nani aliyenipigia simu?"

"Ndoo," nikasema mimi.

Alinitazama kama ninaumwa. Bwana Mifugo akakohoa, akaingia zizini, na binti akamfuata. Nimeshuhudia mambo mengi lakini sijaona mtu akihangaika vile. Binti akiosha, yeye anaonyesha pa kuosha. Binti akiyeyusha mbegu, yeye anahesabu kwa sauti. Mkono wa binti ulipokuwa ndani, mkono wa Bwana Mifugo wa kushoto, kwenye lile shati lenye mkono mpya, ulikuwa unafungua na kufumba vidole hewani. "Polepole. Usimvute. Ukiishika shingo ya kizazi utaijua, ni ngumu kama koo la kuku..."

"Mzee, samahani, naomba usogee kidogo. Unanizibia mwanga."

Akasogea. Mtu aliyetufukuza sote nyuma ya ng'ombe wetu alirudi hatua mbili, akatulia, mikono nyuma. Nikaangalia pembeni.

Binti akatoa mkono. Alikuwa ameshavuta glavu hadi kiwiko tu, haijatoka, Bwana Mifugo akasogea, akashusha sauti.

"Imeshika?"

Mama Mifugo akaziba mdomo kwa kitambaa cha kushonea. Binti, maskini, akafungua kinywa ajibu kitaalamu. Nikamwahi. Nilikuwa nimengoja miaka mingi mno.

"Bwana Mifugo," nikasema, "mimba yako ya kwanza wewe ulijua dakika ileile?"

Alinigeukia. Nilidhani nimemuumiza. Kisha akaanza kucheka, taratibu, kutoka tumboni, mpaka kofia ikamwanguka kwenye samadi, na machozi yakamtoka ambayo hayakuwa yote ya kucheka. Nikamwokotea kofia. Tukampa Rozi maji, tukamwekea kivuli, tukafunga lango, na Mama Mifugo akamshika mumewe mkono mzima akamtoa zizini, maana yeye peke yake asingetoka.

Wiki tatu zile nilipita pale kila siku, hata siku ambazo njia yangu haikuwa hiyo. Nilikuwa ninatazama nguzo. Siku yenyewe ilipofika nilitoka nyumbani bila kunywa chai, roho juu. Nilimsikia Mama Mifugo kabla sijafika, anagomba: ndoo imeoshwa, inataka jua, na kichanja chake kimevunjika, sasa mtu aanike wapi?

Bwana Mifugo alikuwa amekaa kigodani, mgongo ameuegemeza kwenye ile nguzo, ndoo ameikumbatia mapajani.

"Haipandi hapa," alikuwa anasema. "Hata kwa kukauka tu. Ikipanda, mpita njia atapiga simu."

Ndani ya zizi Rozi alikuwa amelala anacheua, kimya. Nilisimama langoni nikamwangalia yeye kwanza, Rozi, kwa muda mrefu, mpaka nikahakikisha kwamba hajarudi joto. Ndipo nikageuka kwa mwenye nyumba.

"Marahaba, Mama Skola," akasema, na mimi hata shikamoo sijaitoa.